Kicheko cha Mzee na Sala Yake

Wasomaji wapenzi, liko swali ambalo watu wa parokia zetu huliuliza kwa sauti ya chini, hasa penye kilio. Mtu aliyewazika watu wake, je, yafaa acheke tena? Na mzee ambaye kaburi limekwisha mkaribia, je, si afadhali aache mzaha, ashike rozari tu? Wengine hujibu upesi: Kicheko ni cha watoto na cha walevi, Mkristu wa kweli hulilia dhambi zake. Wengine hujibu upesi vile vile, lakini kwa upande wa pili: Yaliyopita yamepita, changamka, ndugu, maisha ndiyo haya. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yana haraka. Twataka kulitazama swali hili polepole, tukifuata maisha na kazi za mtu mmoja, mtunzi wa muziki, aliyeitwa Giuseppe Verdi.

Msomaji wa Mutarule ataweza kutuuliza: Huyo mtu wa Italia atuhusu nini sisi wa uwanda wa Ruzizi, wenye mashamba ya mihogo na mpunga? Atuhusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya ujirani. Verdi alizaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Roncole, karibu na mji mdogo wa Busseto, katika nchi ya Parma. Na ni katika mji wa Parma kwamba Mtakatifu Guido Maria Conforti alianzisha shirika la Wamisionari Wasaveriani, mwaka 1895. Mwaka ule mzee Verdi alikuwa angali hai, akitunga utenzi wake mkubwa wa Te Deum. Wasaveriani walifika Kongo mwaka 1958, wakafanya kazi katika sehemu za Uvira. Jimbo la Uvira lilipoanzishwa mwaka 1962, askofu wake wa kwanza, Danilo Catarzi, alikuwa wa shirika hilo. Watatu katika ndugu zake, yaani Padre Giovanni Didonè, Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, waliuawa huko Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, pamoja na Abbé Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira mwezi wa Agosti 2024. Basi, nchi iliyomlea Verdi si nchi ngeni kabisa kwetu.

Njia ya pili ni machozi. Mutarule yajua kilio. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu 30 na zaidi waliuawa hapa, wanaume, wanawake na watoto, na wengi wao walikuwa wamekusanyika kwa ibada. Hatutaki kuirefusha habari hiyo. Waliozika waijua kuliko sisi. Twaikumbusha tu ili msomaji ajue kwamba, tukisema juu ya kicheko, hatusemi kama watu wasiojua wanasimama mahali gani. Verdi naye alizika, na kicheko chake kilipita kaburini kwanza.

Baba yake alikuwa na nyumba ndogo ya wageni kijijini. Mtoto alijifunza kinanda, na akiwa bado mdogo akawa mpiga kinanda wa kanisa la Roncole. Mwaka 1836 alimwoa Margherita Barezzi, akazaa naye watoto wawili. Mwaka 1838 binti yake Virginia akafa. Mwaka 1839 mwanawe Icilio akafa. Mwezi wa Juni 1840 Margherita mwenyewe akafa. Muda wa miaka miwili haujatimia, na nyumba nzima imekuwa tupu. Verdi alikuwa na umri wa miaka 26.

Siku zile zile alikuwa amefunga mapatano na nyumba ya michezo ya La Scala, huko Milano, kuwatungia opera ya kuchekesha. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao wachezaji huimba maneno yao badala ya kuyasema, na wapiga vyombo huwafuata. Mapatano ni mapatano; Verdi akaimaliza kazi akiwa amevaa nguo za msiba. Opera hiyo, Un giorno di regno, ilichezwa tarehe 5 Septemba 1840. Watu wakaizomea, na baada ya usiku mmoja tu ikaondolewa. Tangu siku ile Verdi hakutunga tena opera ya kuchekesha kwa miaka zaidi ya 50. Alitunga Rigoletto mwaka 1851, La traviata mwaka 1853, Aida mwaka 1871, Otello mwaka 1887, na nyingine nyingi. Na karibu katika zote mtu hufa kwa uchungu kabla pazia halijafungwa.

Hapa twapata fundisho la kwanza. Kicheko hakiamriwi. Huwezi kumwambia mtu, Cheka, kwa kuwa mapatano yasema hivyo, au kwa kuwa siku za kilio zimekwisha, au kwa kuwa wageni wamefika. Tumewaona watu wenye moyo mwema wakimwendea mjane baada ya wiki mbili na kumwambia, Mama, sahau, uso wako usiwe hivyo. Wanataka kumponya, lakini kwa kweli wanajiponya wenyewe, maana machozi yake yawachosha. Kama moyo wa Verdi ulihitaji miaka 50, sisi ni nani hata tumpimie mwingine siku? Afadhali kukaa naye mkekani na kunyamaza. Aliyezika akilia muda mrefu hakosi imani. Bwana wetu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, ingawa alijua ya kuwa atamfufua.

Lakini hadithi haiishi hapo. Mwaka 1893, tarehe 9 Februari, katika La Scala ile ile alikozomewa, Verdi alileta opera mpya, naye alikuwa na miaka 79. Jina lake ni Falstaff. Maneno yalipangwa na rafiki yake Arrigo Boito, aliyeyatoa katika michezo ya Shakespeare. Nayo yachekesha tangu mwanzo hata mwisho.

Falstaff ni bwana mmoja mzee, mnene, asiye na fedha, apendaye divai na kujipenda mwenyewe. Anawaandikia barua za mapenzi wanawake wawili wenye waume, Alice na Meg, akitumaini kupata fedha za nyumba zao. Barua zote mbili ni zile zile, jina tu ndilo limebadilika. Wanawake wanaonyeshana barua, wanacheka, wanamtegea mtego. Mume wa Alice anapoingia kwa ghafula, Falstaff anafichwa katika kapu la nguo chafu, kisha kapu linatupwa mtoni pamoja naye. Baadaye twamwona akikaa nje, maji yamtiririka, akiunung'unikia ulimwengu mbaya. Analetewa divai ya moto. Anapoinywa, sauti ndogo ya kutetemeka inaanza katika chombo kimoja, inaingia katika kingine na kingine, mpaka wapiga vyombo wote watetemeka pamoja. Mzee amepata joto! Ni mtu aliyewahi kupigwa na baridi ya uzee tu ambaye angeweza kuutunga muziki huo.

Mwishoni Falstaff anaitwa usiku wa manane chini ya mti mkubwa. Watu wamejivika kama mapepo. Wanamzunguka, wanamfinya na kumchoma. Wanawake wanamwombea kwa namna ya litania apate kuwa safi wa moyo, naye katikati ya maombi yao anaomba tumbo lake lisiumizwe. Labda msomaji mmoja atakunja uso akisema, Huo si mzaha juu ya sala? Twaelewa. Lakini tazama vema nani anachekwa. Mungu hachekwi, wala sala haichekwi. Anachekwa mtu anayesali kwa midomo na kulifikiria tumbo lake. Na hapo ni nani kati yetu asiyejiona? Ni mara ngapi litania inaendelea kanisani, nasi tumekwisha fika jikoni penye bugali na ndagala?

Kisha Falstaff anawatambua waliomchezea. Hakasiriki. Anakubali kwamba amekuwa punda. Na mume wa Alice, aliyejiona mwerevu, naye anagundua kwamba amedanganywa: binti yake ameolewa na kijana ambaye baba hakumtaka, na baba mwenyewe ameibariki ndoa pasipo kujua. Basi wote wamechekwa. Ndipo wanaimba wote pamoja, na anayeanza wimbo ni Falstaff mwenyewe. Wimbo wenyewe wasema kwamba kila mtu huchekwa, na hakuna aliyepona.

Kuna vicheko viwili duniani, wasomaji wapenzi. Kuna kicheko cha juu: mtu anasimama juu ya mwenziwe na kumcheka aliye chini. Ndicho kicheko cha anayemcheka kilema, maskini, mtu wa kabila jingine, mtu asiyejua kusoma. Wazee wametuonya juu yake: hujafa hujaumbika. Kicheko hicho ni jirani wa chuki. Huanza na jina la dhihaka, na twajua huku kwetu kinaweza kuishia wapi. Tena kuna kicheko cha pamoja: mtu anajiona mwenyewe ndani ya kichekesho, anashuka chini na wenzake, na kushuka huko kunampumzisha. Kicheko cha juu humfanya mtu awe peke yake. Kicheko cha pamoja humrudisha kati ya watu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alilichungua jambo hili katika kitabu chake kikubwa, Summa. Alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni mchezo na mzaha wenye kiasi. Mzaha uliopita kiasi ni kosa. Lakini akaongeza jambo ambalo wengi hawalitazamii: mtu asiyetaka kabisa kufurahi, naye akawazuia wengine wasifurahi, huyo pia akosa. Na Mtakatifu Filipo Neri wa Roma, aliyefariki mwaka 1595, alijulikana mji mzima kwa mizaha yake, hasa ile ya kujishusha mwenyewe watu wasimwone mtakatifu. Katika nyumba yake ya sala waliimba nyimbo za dini, na kwa jina la nyumba hiyo muziki wa namna hiyo ukaitwa oratorio. Kicheko, sala na muziki vilikaa pamoja chini ya dari moja, wala havikugombana.

Sasa tumtazame Verdi akisali. Kazi zake za mwisho, baada ya Falstaff, si opera tena. Mwaka 1898 zilitolewa nyimbo zake nne takatifu. Ya kwanza ni Ave Maria, ya sauti nne pasipo vyombo. Asili yake ni ya ajabu: mtu mmoja alikuwa ameandika katika gazeti la muziki la Milano mfuatano wa sauti usio wa kawaida, kama fumbo, ili watunzi wajaribu kuutumia. Verdi alilifumbua mwaka 1889, na jibu lake kwa mchezo ule likawa Salamu Maria. Ya pili ni Stabat Mater, juu ya Mama aliyesimama penye msalaba. Ameutunga utenzi huo mrefu akiyapita maneno mara moja moja bila kuyarudiarudia, kama mtu asiye na wakati wa kupamba. Ya tatu ni sifa za Bikira Maria kwa sauti nne za wanawake peke yao. Maneno ni ya Dante, mshairi wa Italia, kutoka utenzi wa mwisho wa Paradiso. Ya nne ni Te Deum, ya kwaya mbili na vyombo vingi.

Twaijua Te Deum. Ni wimbo wa shukrani. Huimbwa baada ya ushindi, siku ya kumtawaza mfalme au kumpokea askofu, na watu hungoja imalizike kwa kishindo. Verdi aliyasoma maneno yake upya, akaona kwamba mwishoni wimbo waomba huruma. Kwa hiyo Te Deum yake yaanza kwa wimbo wa kale wa Kanisa, sauti za wanaume peke yao. Baadaye yanguruma kwa sifa. Lakini inapokaribia mwisho yashuka. Sauti moja ya mwanamke yatokea katikati ya kwaya, peke yake, ikisema kwamba imemtumaini Bwana. Kisha sauti za chini kabisa, na kimya. Hakuna kishindo. Mtu mmoja amesimama gizani na kutumaini, basi.

Tunaposali kwa ajili ya marehemu wetu wa Mutarule, tunaweza kupata faraja hapo. Si lazima kila sala imalizike kwa shangwe. Sala inayomalizika kwa neno dogo la matumaini, huku moyo ungali unatetemeka, nayo ni shukrani kamili.

Twajua watu watatupinga kwa mambo mawili, na haki yao tuwape. Kwanza watasema: Verdi mwenyewe hakuwa mtu wa Kanisa. Ni kweli. Mke wake wa pili, Giuseppina Strepponi, aliyekuwa na imani, alieleza katika barua zake kwamba mumewe alikuwa mwenye imani kidogo. Hatumweki Verdi kati ya watakatifu. Lakini hata mwenye imani kidogo aweza kuomba, na Injili yatuonyesha baba mmoja aliyemlilia Yesu asaidiwe katika kutokuamini kwake, naye akasikilizwa. Pengine sauti ile moja katika Te Deum ni ya mtu wa namna hiyo.

Pili watasema: Muziki wa jukwaani haufai kanisani. Hiyo nayo ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1903, miaka miwili baada ya kifo cha Verdi, Baba Mtakatifu Pio X alitoa agizo kwamba muziki wa mtindo wa jukwaa usitumike katika ibada. Hatusemi kwamba kwaya zetu ziimbe Verdi wakati wa Misa. Nyimbo hizo ni kubwa mno, na Misa yahitaji nyimbo ambazo watu wote waweza kuzisali. Lakini nje ya Misa, hata kwa simu ndogo ya mkononi, mtu aweza leo kuzisikiliza, na moyo wake ukainuliwa.

Sasa tuunganishe mambo haya. Wimbo ule wa mwisho wa Falstaff umetungwa kwa namna iitwayo fuga: sauti moja yaanza, ya pili yaifuata kwa maneno yale yale, ya tatu, ya nne, mpaka zote zasukana kama mkeka. Watunzi wengi waliitumia fuga mwishoni mwa sehemu kuu za Misa zao, na kazi hiyo ilihesabiwa kuwa elimu ya juu. Basi, kichekesho cha mzee kinaishia kwa namna ya kanisani. Tena Ave Maria yake ilizaliwa katika fumbo la gazeti. Sala imetoka mchezoni, na mchezo umeishia katika namna ya sala. Mzee hakuwa na mioyo miwili, mmoja wa kuchekea na mmoja wa kusalia. Katika kicheko alikiri, Mimi si mkubwa. Katika sala alikiri neno lile lile. Tofauti ni kwamba katika kicheko alisema mbele ya wenzake, na katika sala alisema mbele ya Mungu.

Biblia yatuonyesha jambo hili kwa mama yetu Sara. Aliposikia kwamba atazaa katika uzee wake alicheka, na kicheko kile kilikuwa cha uchungu, akaogopa, akakana. Mungu hakumwadhibu. Alingoja. Mtoto alipozaliwa akaitwa Isaka, maana yake ni kicheko, na Sara akasema kwamba Mungu amempa cheko, na watu watacheka pamoja naye. Kicheko cha kwanza kilikuwa cha aliyekata tamaa; cha pili kilikuwa zawadi. Kati ya vicheko hivyo viwili, Sara alingoja tu.

Lakini mtu wa Mutarule atasema: Watoto wa Verdi walikufa kwa magonjwa, wetu waliuawa kwa mikono ya watu. Ni kweli, wala hatutaki kuvisawazisha vifo hivyo. Kicheko hakilipi deni la haki. Aliyeua ataulizwa, na wakubwa wenye wajibu wa kulinda watu wataulizwa nao. Anayecheka tena hasemi kwamba jambo lile lilikuwa dogo. Anasema tu kwamba waliochukua watu wake hawakufaulu kuchukua na roho yake. Wala marehemu hawaibiwi kitu mtu wao anapocheka. Wengi wao walikuwa hodari wa mzaha walipokuwa hai!

Limebaki jambo moja, nalo ndilo kipimo. Kicheko na sala ya mzee huyu vilizaa tendo. Katika miaka ile ile Verdi alijenga huko Milano nyumba ya kupumzikia wanamuziki wazee wasio na kitu. Aliagiza isifunguliwe mpaka afe, maana hakutaka shukrani zao, akaiachia mapato ya opera zake. Alifariki tarehe 27 Januari 1901, akiwa ameagiza mazishi madogo, pasipo muziki wala nyimbo. Wazee wa kwanza waliingia katika nyumba ile mwaka 1902, naye amezikwa humo pamoja na Giuseppina. Husemwa kwamba aliihesabu kuwa opera yake nzuri kuliko zote. Maana kwa Kiitaliano neno opera maana yake ni kazi tu.

Basi tufanyeje? Tumwachie aliyefiwa machozi yake, wala tusimhesabie siku. Siku anapocheka kwa mara ya kwanza, tusimtazame kwa jicho la kulaumu, wala tusinong'one kwamba amesahau upesi. Tucheke naye. Mzee mwenye mizaha tusimwone mpumbavu. Tukae karibu naye, maana pengine amekwisha shuka mahali ambapo sisi bado twaogopa kushuka. Na kicheko cha juu, kile cha kudharau kabila la jirani, tukikatae hata kikija katika sura ya utani.

Mungu aliyempa Sara kicheko katika uzee wake ajua saa ya kila mmoja. Kwa wengine saa hiyo huja upesi, kwa wengine huchukua miaka 50. Sisi tungoje pamoja nao.